Kumsema Pedeshee Naye Akacheza

Hotuba kwa waimbaji, watunzi na watayarishaji wa muziki, Mwanza

Mwangaluka, ndugu zangu. Nyie mliosimama mlangoni sogeeni ndani, feni ni moja na iko huku mbele.

Mada yetu ni nyembamba: wimbo wa pop wa kielektroniki unaowacheka matajiri wa mjini wanaoishi kwa kuonekana. Majina yao mnayajua. Mapedeshee, masosholaiti, watoto wa Masaki, mtaa wa matajiri kule Dar, na kwa hapa Jiji la Miamba wale wanaoteremka Capri Point jua likizama ili wapigwe picha. Wimbo wa namna hii unaonekana rahisi. Mtu anafikiri akishapata utani wa kutosha kazi imekwisha. Lakini nyingi kati ya nyimbo hizi zinakufa ndani ya wiki mbili, na ukizichunguza unakuta zilianza kuharibika kwenye ngoma kabla hazijaharibika kwenye maneno.

Nitarudia jambo moja mpaka mchoke. Mdundo usicheke. Sauti isicheke. Anayetakiwa kucheka ni msikilizaji, na kicheko kimkute ameshaanza kucheza.

Kabla ya mitambo, niseme kwamba kusemana kwa wimbo hakukuja na kompyuta. Wasukuma wana Bagika na Bagalu, makundi ya ngoma yanayofuata asili ya waganga wawili, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno yanashindana, kila moja na uwanja wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Nyimbo zao zina kejeli kwa wapinzani, lakini kejeli peke yake haivuti umati. Umati unavutwa na ngoma, na mara nyingi na kioja: chatu, fisi, mtu aliyevaa kisichovalika. Nendeni Bujora pale Kisesa, wakati wa sikukuu ya ngoma ya Bulabo, mtazame watu wanavyohama uwanja mmoja kwenda mwingine. Ukiimba matusi matamu juu ya ngoma mbovu unabaki na wazee wawili na mtoto aliyepotea. Pwani nako taarabu ilitufundisha mpasho: unarusha jiwe gizani, na atakayepiga yowe ndiye limempata. Hakutajwa mtu. Aliyeinuka kwa hasira amejitaja mwenyewe.

Upande wa kielektroniki kuna mfano unaofaa kusikilizwa kwa makini. Mwaka 1998 Wafaransa wawili wa Grenoble, Miss Kittin na The Hacker, walitoa wimbo uitwao "Frank Sinatra" kupitia lebo ya International DeeJay Gigolo ya Munich, Ujerumani. Mwanamke anaongea zaidi kuliko kuimba, Kiingereza chake kimejaa Ufaransa, na anasimulia raha ya umaarufu: kaviari, shampeni, sehemu ya watu maalumu klabuni. Sauti ni ya mtu anayepiga miayo. Hakuna hata sehemu moja anayokonyeza jicho kukuambia "natania". Mashine iliyo nyuma yake ni baridi na safi, na inaweza kupigwa klabu ileile inayochekwa. Hapo ndipo wimbo ulipopata nguvu.

Wa pili ni wa kutahadharisha. Pet Shop Boys wa Uingereza walitoa "Opportunities" mwaka 1985, haukwenda kokote, wakautengeneza upya, na mwaka 1986 ukafika namba 10 Marekani. Ulikuwa kejeli kwa mtu anayejigamba kwamba ana akili na sasa anatafuta mwenzake wa kupiga naye pesa. Wengi waliupokea kama nasaha ya biashara, na miaka mingi baadaye ukasikika kwenye tangazo la bima. Hiyo ndiyo hatari ya kutocheka, na sitawaficha kwamba dawa yake haipo nzima. Ipo nusu dawa, nayo nitaifikia kwenye kibwagizo.

Sasa tuingie studio.

Mwendo wa wimbo uwe kati ya mapigo 118 na 126 kwa dakika. Singeli ya Dar inapita 200. Ni ngoma ya jasho, haimfai mhusika anayejifanya hatoki jasho. Amapiano inazunguka 112, inafaa, ila pedeshee ameshaizoea na hataona tofauti. Mimi natetea 120 kamili kwa sababu ya hesabu: kila pigo ni nusu sekunde, kipande cha mapigo manne ni sekunde 2, vipande 8 ni sekunde 16. Ukiwa na vipande 88 una dakika 2 na sekunde 56. Gawanya hivi: 8 vya kufungulia, 16 vya ubeti, 8 vya kibwagizo, 16 vya ubeti wa pili, 8 vya kibwagizo, 8 vya daraja ambapo ngoma inapungua, 16 vya kibwagizo cha mwisho, 8 vya kufungia. Kwenye hivyo 88, ukitoa kipande kimoja cha mwishoni nitakachokieleza, kiki, ile ngoma nzito ya chini, inapiga mara 348, zote sawasawa, nguvu ileile. Nasema kiki ya ngoma, si ile ya mitandaoni, ingawa kwa wimbo huu zote mbili zimo. Huo usawa usiochoka ndio picha ya maisha tunayoyacheka: kesho kama leo, chupa ileile, pozi lilelile. Ndiyo maana mashine inaifaa kejeli hii kuliko mpiga ngoma wa mkono, ambaye akichoka au akifurahi unamsikia.

Kiki kila pigo. Makofi pigo la 2 na la 4. Kisahani cha ngoma kilicho wazi kati ya pigo na pigo. Sauti zichukueni za zile mashine za Roland, TR-808 ya 1980 na TR-909 ya 1983. Ziko kwenye kila programu ya kutengenezea muziki, na mkikuta makofi yanasikika kama karatasi, pangeni sauti tatu tofauti za makofi, ya pili ichelewe milisekunde 10, ya tatu 20. Yanakuwa makofi ya watu.

Besi ndiyo inayowashinda wengi hapa, na sababu yake mara nyingi si ufundi, ni spika za studio. Unatengeneza kwenye spika kubwa, besi inatikisa dirisha, unafurahi. Mtu anausikia kwenye simu akiwa nyuma ya bodaboda na besi haipo kabisa. Noti ya la ya chini iko hezi 55, yaani mitetemo 55 kwa sekunde, fa iliyo chini yake iko karibu hezi 44, na spika ya simu ikishuka chini ya hezi 200 inakuwa imekata tamaa. Fanya hivi. Nakili mstari wa besi. Ile nakala ikate kila kitu chini ya hezi 200, halafu ikwaruze kwa kifaa cha kuchafulia sauti mpaka itoe kelele za kati. Iweke chini ya besi halisi kwa desibeli 10 hadi 12. Kwenye spika kubwa huisikii sana. Kwenye simu sikio linasikia zile kelele za juu na lenyewe linajazia noti ya chini ambayo haipo. Sikio ni muungwana kuliko spika.

Besi yenyewe iwe wimbi la msumeno, inarukaruka okta mbili, chini na juu, noti 8 kwa kipande. Chujio lianze kwenye hezi 500 hivi na lifunguke taratibu kuelekea kibwagizo. Kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, zisizidi mbili. Nyimbo zenye kodi nne zinazopanda na kushuka zinaleta huruma, na huruma ikiingia kejeli inatoka mlango wa nyuma.

Halafu kiki na besi visigombane. Weka kompresa, kifaa cha kubana sauti, kwenye besi na uiambie ifuate kiki, ili kila kiki ikipiga besi iiname desibeli 4 hadi 6. Iiname haraka, milisekunde 1 hadi 3, na iinuke baada ya milisekunde 200 hivi. Kwa mwendo wa 120 kiki inarudi kila milisekunde 500, kwa hiyo ukiweka muda wa kuinuka ukapita hapo, besi haiinuki tena wimbo mzima na watu watasema ngoma yako haina tumbo. Ukiufupisha chini ya 50 unaanza kusikia mkwaruzo, kwa sababu wimbi moja la hezi 55 lina urefu wa milisekunde 18, na kompresa inaanza kufuata umbo la wimbi badala ya kufuata sauti. Na kila kilicho chini ya hezi 120 kiwe katikati, si kushoto wala kulia. Baa nyingi zina spika mbili na moja ilikufa tangu mwaka juzi.

Tukija kwenye maneno, hapa Mswahili ana mali ambayo wenzetu wa Grenoble hawana. Shairi letu la kawaida lina mizani 16, yaani silabi 16, kwa mshororo: 8 za ukwapi, nusu ya kwanza, na 8 za utao, nusu ya pili. Kwa mwendo wa 120, ukiimba silabi moja kwa kila nusu pigo, kipande kimoja kinabeba mizani 8. Mshororo mzima unaenea vipande viwili. Ubeti wa mishororo minne ni vipande 8, sekunde 16. Beti mbili zinajaza vile vipande 16 vya ubeti wa wimbo bila kubaki hata silabi. Wazee walipanga mizani bila kuijua mashine, na mashine imewakuta wako tayari.

Kuna zaidi. Mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwenye kipande cha mizani 8, silabi hiyo ni ya 7. Hesabuni: silabi ya 1 iko pigo la kwanza, ya 3 pigo la pili, ya 5 pigo la tatu, ya 7 pigo la nne. Pigo la nne ndilo lenye makofi. Kwa hiyo kila ukwapi na kila utao unaishia na mkazo juu ya makofi, wenyewe tu. Tazameni ubeti huu, ambao mhusika wetu kashuka kwenye ndege na ameshachoka:

*Nimechoka na Dubai, nimekuja kutulia,*
*Hoteli yenu sikai, shampeni imeishia,*
*Sato wenu hanifai, ana miba, naumia,*
*Kwanza picha, ndipo chai, mtu asije ingia.*

Upigieni makofi pigo la pili na la nne mkiusoma. "Nimechoka na Dubai": *cho* iko kwenye makofi, *ba* iko kwenye makofi. Safi. Mshororo wa pili unateleza: kwenye "hoteli yenu", *te* na *ye* zote zimeangukia nje ya pigo. Si kosa. Neno la silabi tatu linasukuma mkazo nje ya pigo, na mwili unaliona hilo kabla ya akili. Ukiwa nalo sehemu moja linatingisha kiuno; ukiwa nayo manne mfululizo mwimbaji anaonekana amepotea njia. Kisha "Kwanza picha, ndipo chai": *kwa, pi, ndi, cha*, mikazo minne juu ya kiki nne. Msumari baada ya msumari. Ndiyo maana umewekwa mwisho, na ndiyo maana utakaokumbukwa ni huo.

Mkazo ukikosewa neno linaweza kugeuka jingine kabisa. Barabara ya magari ina mkazo kwenye *ba* ya pili. Ukiupeleka kwenye *ra* ya kwanza umesema barabara ile ya "sawasawa, hasa". Mwimbaji anayetaka kusema gari lake halipiti barabara ya vumbi, akikosea pigo, anatuambia halipiti sawasawa. Tutampa pole badala ya kumcheka.

Tatizo la mizani 16 kamili ni pumzi. Mwimbaji hana mahali pa kuvuta hewa kwa sekunde 16. Wengine wanarekodi mshororo mmojammoja na kuunganisha, na kwenye rekodi hausikii kitu, ila siku ya jukwaa wanakufa mshororo wa tatu. Fupisha utao mmoja uwe na mizani 5 au 6, au ukate silabi ya mwisho na umwachie mwitikiaji aimalizie. Mapengo hayo yana faida nyingine: ndipo kicheko kinapopata nafasi ya kutoka.

Sasa yaliyomo. Mhusika aseme mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, na aseme kwa fahari. Mara tu wewe mtunzi unapoingia kumhukumu, wimbo umegeuka mahubiri. Kosa kubwa kuliko yote, na mnalijua, ni ule ubeti wa pili unaokuja kutuambia kwamba pesa si kila kitu. Anayeusikiliza anajua hilo, ndiyo maana anacheka. Ufuteni. Weka kitu badala ya maoni: sato na miba yake, wadudu wa ziwani wanaotanda kama moshi na kunasa kwenye rangi ya mdomo, korongo wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba aliyeingia nyuma ya picha na kuonekana ameshonewa suti kuliko bwana harusi.

Msitaje bei. Bei inachakaa kwa mwaka mmoja. Taja ulinganifu: chupa moja kwa kodi ya nyumba ya mhudumu anayeileta. Hiyo haichakai, kwa bahati mbaya. Na Kiingereza cha mhusika kiwe kidogo, neno moja kwa mshororo, vinginevyo mnacheka lafudhi badala ya tabia. Hapo pana mtego mbaya hasa kwetu sisi wa Kanda ya Ziwa. Ni rahisi sana kumcheka tajiri mpya kwa sababu ni "mshamba": anavyotamka, anavyokula, alivyovaa soksi na kandambili. Ukifanya hivyo hujamcheka tajiri. Umekaa meza moja na watu wa Masaki mnamcheka mjomba wako.

Na huyu dada wa mapozi, asiachiwe mzigo peke yake. Nyimbo nyingi zinamshambulia msichana mwenye simu na kumwacha mwanaume anayelipa bili akiwa amekaa gizani, salama. Ubeti wa pili mpeni yeye. Huku tuna utajiri wetu wenye harufu yake, na mtunzi wa Dar hawezi kuuandika kama nyie. Mnajua bondo la sangara, kile kibofu chake cha hewa, linavyopimwa na kununuliwa ghali kuliko hata mnofu, likasafirishwa Asia likiwa limekauka kama jani. Basi aseme:

*Kwenye meza ya washindi, nimefikishwa na bondo,*
*Harufu yake sipendi, marashi ninayo lundo.*

Hakuna aliyetajwa hapo, na kila mtu Kirumba ana jina kichwani.

Nilisema kuna nusu dawa ya kutoeleweka. Iko kwenye kibwagizo. Kibwagizo kiwe kitu ambacho mhusika angekisema kweli, na mlevi yeyote angependa kukipiga kelele. Kwa mfano: *Weka kwenye bili yangu.* Mizani 8, na mikazo yote minne, *we, kwe, bi, ya*, juu ya kiki. Baa nzima itaimba, pedeshee akiwa wa kwanza na mkono juu. Kiimbeni hivyo mara mbili bila kubadilisha hata herufi. Kwenye kibwagizo cha mwisho, mzunguko wa mwisho, zima kiki kipande kimoja, sekunde mbili za ukimya wa chini, na aseme kwa sauti ileile ya miayo: *Weka kwenye bili yake.* Silabi ni nane vilevile. Kiki inarudi. Aliyekuwa anaimba "yangu" kwa mazoea anajikuta peke yake, mdomo wazi. Msieleze. Msiongeze kicheko cha studio. Baadhi hawatagundua mpaka mara ya tano, nao watausikia mara tano, si hasara.

Kurekodi sauti hiyo. Wengi wanamwambia mwimbaji "imba kwa dharau". Anatoa dharau ya maigizo, pua juu, na imeshaharibika. Mwambieni aongee kama anayesoma namba ya simu kwa mtu aliyemchosha. Maiki iwe umbali wa sentimita 15, kichujio cha pumzi mbele yake, na asimame pembeni kidogo ya maiki ili *p* na *b* zisipige moja kwa moja. Rekodi kwa biti 24, vilele visipite desibeli 10 chini ya sifuri. Hakuna tuzo ya kugusa nyekundu. Paa la bati na mvua ya saa tisa ndiyo adui wa studio nyingi hapa, kwa hiyo rekodini asubuhi, magodoro mawili nyuma ya mwimbaji kwa umbo la V, na friji izimwe. Ukisahau kuiwasha tena mtayarishaji atalipa nyama ya mwenye friji, lakini ule mvumo ukishaingia kwenye sauti inayonong'ona hautoki bila kuchukua na pumzi.

Rekodi mara mbili sauti ya kibwagizo, moja kushoto, moja kulia. Ya ubeti ibaki moja tu, katikati, karibu na sikio, bila mwangwi mkubwa. Mwangwi unamweka mtu mbali, na huyu tunataka atunong'oneze. Mrudio wa milisekunde 375 unakaa vizuri na mwendo wa 120, ukiwekwa kwenye neno la mwisho tu.

Auto-Tune, programu ya kunyoosha noti za mwimbaji, itumieni kwa ukali kwenye kibwagizo, muda wa kusahihisha ukiwa sifuri, na hakikisheni mmeichagulia ngazi sahihi ya noti, la sivyo inamvuta mwimbaji kwenye noti ya jirani na mnasikia mbuzi. Hapo haitumiki kuficha makosa. Ni vipodozi vinavyoonekana, na ndivyo tunavyotaka. Vokoda, kifaa kinachoigeuza sauti iwe kama ya roboti, ni tamu zaidi lakini inakula konsonanti: *s, sh, f* na *ch* zinapotea, "shampeni" inakuwa "ampeni". Pitisha sauti halisi iliyokatwa chini ya hezi 5,000 sambamba na vokoda, kidogo tu, maneno yanarudi.

Mkimaliza, wimbo utoke kwenye faili la WAV, vilele desibeli 1 chini ya sifuri. Msiukandamize mpaka uwe tofali. Mitandao mikubwa ya kusikiliza inashusha kila wimbo hadi karibu LUFS 14 chini ya sifuri, LUFS ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti, na uliobanwa sana ukishashushwa unasikika mdogo kuliko wa jirani.

Kuhusu sheria nitapita haraka. Msitaje mtu halisi wala kumpachika jambo la uongo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, na mpasho mzuri hauhitaji jina. Msikate kipande cha wimbo wa mtu wala sauti ya mtu kutoka kwenye simu bila ruhusa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, wana taratibu zao; COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndiko kwa usajili wa kazi. Makubaliano ya mgawanyo kati ya mwimbaji, mtunzi na aliyetengeneza mdundo yaandikwe siku ya kurekodi, kabla wimbo haujawa na thamani, kwa sababu hakuna anayegombana vizuri kama marafiki wenye wimbo uliovuma.

Liko swali ambalo najua mnalo, na ni gumu kuliko besi. Wanaotunza wanamuziki ni haohao. Dansi letu limeishi kwa mapedeshee, na Wakongo wana neno lao, libanga, kwa jina linalotajwa ndani ya wimbo kwa malipo. Sasa pedeshee anapanda jukwaani kukutunza katikati ya wimbo unaomcheka. Chukua hela. Shukuru kwa kuinama, usitabasamu sana, na usitaje jina lake, hata kwa mara moja, hata akiongeza. Jina moja la kweli likiingia, wimbo mzima unageuka kuwa sifa na kila mshororo unaanza kusomwa upya kwa upande wake. Atakayekushauri utaje jina jukwaani tu na si kwenye rekodi, mkumbusheni kwamba kila meza ina simu.

Mkitaka kuupima kabla haujatoka, msiwapigie marafiki wa studio. Wataangalia kompyuta na kutikisa kichwa. Upelekeni baa yenye watu wa kawaida, mwombeni mwenye mitambo auweke katikati ya nyimbo nyingine mbili za mwendo unaokaribiana, na msitazame wanaocheza. Watazameni wahudumu, hao wanaobeba sinia. Kwenye sekunde zile mbili ambazo kiki imezimwa, "bili yake" ikitamkwa, kama mhudumu mmoja amegeuka kumtazama mwenzake kaunta, peleka faili likatolewe. Kama hakuna aliyegeuka, rudini mkazime na kisahani.